Ng'ombe Mwekundu wa Piyaya na Cheti cha Kepteni Sulle

Tangu nirudi, kila nikikaa mahali kunywa chai mtu ananiuliza, "Boay, hivi wewe na Kepteni mlienda kufanya nini kule?" Nikianza kueleza, kabla hata sijafika kwenye lango la Hifadhi, mwingine ameshaingilia na habari za mpira. Nimeona bora niandike. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo msihangaike na nukta zangu, fuateni habari.

Kwa wasiomjua, Kepteni Sulle ni mwenzetu wa Kansay, miaka sitini na minane, mrefu, mwenye kofia ambayo mkewe ameshajaribu kuichoma moto mara mbili. Kwa miaka mingi amerusha ndege ndogo ya kliniki, ile inayopeleka manesi na chanjo kwa wafugaji. Mimi nimeshabeba mizigo ya watalii, nimepika kambini, nimeuza miwani ya jua, na miaka hii miwili nilikuwa naosha ndege yake.

Miezi mitatu iliyopita alipata ajali wakati akitua Piyaya. Uwanja wa Piyaya ni kipande cha mbuga kilichofyekwa tu, na ng'ombe wanapenda kulala pale. Kwa hiyo rubani hupita kwanza chini chini, anazunguka, ng'ombe wanaondoka, ndipo anatua. Siku ile Kepteni alikuwa peke yake na maboksi ya chanjo. Aligusa ardhi akakuta ng'ombe mbele yake. Akakwepa, gurudumu likavunjika, na mtamba mmoja akavunjika mguu ikabidi achinjwe. Ofisi yake ilipouliza, alijibu kwamba alizunguka kama kawaida. Basi lawama ikamwangukia mlinzi wa uwanja, mtu anayeitwa Saning'o. Wakasema alichelewa kuondoa ng'ombe, wakamwachisha kazi.

Ndege ikatengenezwa. Mwezi uliopita ulifika wakati wa Kepteni kwenda Arusha kwa daktari wa marubani, kupimwa macho, moyo, sukari na akili, ili apewe cheti cha kuendelea kuruka. Siku chache kabla, alinikuta nakwangua tope kwenye tairi la ndege.

"Boay, nataka unipeleke Piyaya kwa gari."

"Kwa gari? Kepteni, wewe Piyaya unafika kabla chai haijapoa."

"Nataka kumuuliza Saning'o kama nilizunguka."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. "Si ulisema ulizunguka?"

"Nakumbuka nilizunguka," akasema. "Lakini nimezunguka pale mara elfu, Boay. Hii ninayoikumbuka sijui ni ya siku gani."

Nikaacha kukwangua tope.

KANSAY HADI KARATU

Safari hii ni fupi, lakini ilituchukua siku nzima, kwanza kwa sababu ya karatasi. Kepteni ana karatasi iliyopakwa plastiki yenye orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, na kwa vile gari lake la shamba halina orodha, ameliandikia ya kwake. Hatukuondoka uani mpaka isomwe yote, yeye kiti cha kushoto akiwa na kidole juu ya mstari, mimi kwenye usukani.

"Mafuta?"

"Yapo."

"Breki?"

"Zipo kiasi."

"Kiasi si jibu. Breki?"

"Zipo, Kepteni."

"Jeki?"

"Ipo," nikasema, bila kugeuza shingo.

Mkewe, Mama Agnes, alikuwa amesimama mlangoni na thamosi. "Boay, mwanangu," akaniambia, "usimruhusu aendeshe. Akikaa kwenye usukani anaanza kutafuta kitu cha kuvuta ili gari lipae."

Njiani tukaanza mazoezi. Kepteni alikuwa amesikia kwamba daktari humpa mtu maneno matano, wanaongea mengine, halafu anamtaka ayarudie. Kwa hiyo kila asubuhi nilitakiwa kumpa maneno matano, na jioni ayaseme. Asubuhi ile nilimpa ndizi, shangazi, msumari, mvua na kiatu.

"Rahisi," akasema. "Na ubao wa macho ndiyo usiseme. Zile herufi za ukutani nimeshazisoma miaka mingi, nazijua kwa kichwa hata nikifumba macho."

"Sasa hapo wanapima macho au kumbukumbu?"

"Nyamaza, endesha."

Tope jekundu la Kansay mnalijua. Nje kidogo ya Karatu tairi la nyuma likatoboka. Nikashuka kwa maringo, nikafungua nyuma, nikakuta thamosi, magunia, jembe, na hakuna jeki. Niliiazima wiki iliyopita nikaiacha kwa fundi. Kepteni alinitazama muda mrefu, na nawaambia hakuna matusi yanayouma kama yale macho. Tulikaa kando ya barabara kwa saa tatu, tukila mahindi ya kuchoma ya mama mmoja, mpaka lori la vitunguu likatuokoa.

"Wewe una miaka mingapi?" akaniuliza tulipoondoka.

"Arobaini na nne."

"Basi na wewe twende ukapimwe."

KARATU HADI NAINOKANOKA

Tulilala Karatu, asubuhi tukanunua jeki, tukapanda. Ukishapita lango la Hifadhi msitu unakufunga pande zote, na ukungu ulikuwa mzito hadi nikawa naendesha kwa kufuata taa za nyuma za gari la watalii. Pale ukingoni, mahali pa kutazamia kreta, lile gari likasimama, nasi tukasimama. Hakuna aliyeona kreta, tuliona ukungu. Watalii wakamwona Kepteni na kofia yake na shati lake lenye alama za urubani mabegani, wakadhani ni mkubwa wa mahali. Wakamwendea na maswali. Naye, badala ya kuwasahihisha, akanyoosha mkono kwenye ukungu mtupu na kuwaonyesha ziwa liko wapi, vifaru hupenda upande gani, msitu mdogo uko wapi. Waliupiga picha ukungu kwa furaha. Ukungu ulipopasuka kidogo nikachungulia chini. Kila kitu kilikuwa pale alipokionyesha.

Nikajiambia, huyu mtu hajasahau kitu. Tunakwenda Piyaya bure.

Pale njia inagawanyika. Ya Piyaya inakwenda kushoto, sisi tukashika kulia kwenda Nainokanoka kumchukua Mama Nashipai. Ni nesi mstaafu, Mmasai, aliyeruka na Kepteni miaka mingi kabla ya kuacha kazi. Tulimhitaji kwa sababu Kimasai cha Kepteni kinaishia kwenye salamu na kuomba maziwa. Nainokanoka kuna baridi ya kukata masikio. Tulipita ng'ombe, maduka mawili matatu, watu wanatembea wamejifunika mashuka, na hakuna gari jingine zaidi ya letu. Mama Nashipai alitupokea mlangoni.

"Kepteni! Umezeeka."

"Na wewe umenenepa."

"Mimi nimestaafu, ninayo haki. Wewe je?"

Akatupa chai ya maziwa na loshoro, yale mahindi ya kukobolewa yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Mimi nilikula bakuli mbili. Kepteni akala huku akieleza tunachoendea. Mama Nashipai hakucheka. Alipomaliza kusikiliza aliuliza, "Na akisema hukuzunguka?"

"Basi siendi kumdanganya daktari."

"Na akisema ulizunguka?"

"Nitaruka mpaka nichoke."

Jioni Kepteni akayasema maneno yote matano ya siku ile kwa mpangilio. Mama Nashipai akaniuliza, "Ni sahihi?" Nikakohoa. Nilikuwa nimeyasahau. Tangu hapo Mama Nashipai ndiye aliyeyaandika kwenye daftari, na mimi nikashushwa cheo, nikabaki dereva mtupu.

NAINOKANOKA HADI PIYAYA

Tulirudi hadi njia panda, tukaufuata ukingo wa kreta hadi upande wa pili, tukateremka mbugani. Huko barabara inageuka kuwa mistari mingi ya matairi, kila mmoja umeshika lake. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Kepteni, anayeijua nchi ile kama kiganja chake, alikuwa haijui kabisa akiwa chini.

"Kata kushoto," akasema.

"Kuna korongo."

"Halipo."

"Kepteni, nalitazama kwa macho yangu."

"Kutoka juu ni kama mstari wa kalamu," akanung'unika, kama vile korongo lilikuwa limemkosea adabu.

Mama Nashipai alicheka akajifuta machozi na shuka. Tulizunguka mawe, tukakwama kwenye mchanga, tukasukumwa na vijana watatu wachunga ng'ombe waliotaka kujua kwa nini rubani anatembea kwa magurudumu. Mchana tulikula chapati baridi chini ya kivuli cha gari. Kepteni alikuwa akiimega yake bila hamu. Nikataka kumchangamsha, nikamwambia kila mtu anasahau, mbona mimi nilisahau jeki.

Akatafuna kwanza. "Ulisahau jeki, tukakaa njiani saa tatu tukala mahindi," akasema. "Mimi nilisahau kitu kimoja, kama nilikisahau, na nyuma yangu kulikuwa na viti vitatu vitupu. Wiki iliyotangulia vilikuwa na manesi watatu."

Nikafunga chapati zilizobaki, tukaondoka.

PIYAYA

Tulifika jua linapoanza kulala upande. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa miguu ya nani, na kina mama wapatao ishirini walikuwa wameketi karibu na uwanja na watoto mgongoni. Walidhani kliniki imerudi. Mama Nashipai akawaeleza kwamba leo amekuja rubani tu. Mmoja akasema jambo, wote wakaangua kicheko. Nikaomba nitafsiriwe.

"Anauliza rubani bila ndege anatibu nini."

Hata hivyo Mama Nashipai alishika watoto mmoja mmoja, akawatazama macho na matumbo hadi giza likaanza.

Asubuhi yake tukaketi na Saning'o. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mkimya, ana fimbo nyembamba aliyoilaza juu ya magoti. Walikuwapo wazee wengine wanne, na maziwa kwenye kibuyu yenye harufu nzuri ya moshi. Kepteni akauliza moja kwa moja, Mama Nashipai akatafsiri: siku ile, nilizunguka au sikuzunguka?

Saning'o akatazama fimbo yake. "Labda ulizunguka," akasema. "Upepo ulikuwa mkali. Masikio yangu yana vumbi."

"Ulisikia au hukusikia?"

"Ukisema ulizunguka, ulizunguka."

Kepteni akapumua. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nami nikafurahi, nikaanza hata kupanga kurudi kuosha ndege. Lakini Mama Nashipai aliinuka, akamwita Kepteni pembeni nyuma ya gari. Nikawafuata, maana mambo ya pembeni ndiyo yenye utamu.

"Hajajibu," akasema. "Na hawezi kukujibu."

"Kwa nini hawezi?"

"Umesahau hawa walikuweka rika gani? Ile siku walipokuchinjia dume, mwaka ule wa ukame? Walikuhesabu rika la baba yake. Mtoto hamwambii baba kwamba amekosea, Kepteni. Hata akifukuzwa kazi. Kwani alipofukuzwa alilalamika?"

Kepteni akatikisa kichwa. Hakulalamika. Ofisini walisema kunyamaza kwake ni kukiri.

"Basi usimuulize habari zako," akasema Mama Nashipai. "Muulize habari za ng'ombe. Juu ya ng'ombe hakuna adabu, kuna ukweli tu."

Tukarudi tukaketi. Kepteni akanywa maziwa, akajifuta mdomo. Kisha akauliza, "Nado hajambo?"

Nado ni ng'ombe wa Saning'o, mwekundu, pembe moja imepinda kushuka. Uso wa Saning'o ukafunguka mara moja. Nado hajambo, amezaa ndama jike. Akaendelea kumsifu, na wazee wakachangia. Kumbe ng'ombe yule ana sifa Piyaya nzima. Ndege ikipita mara ya kwanza, yeye ndiye anayeinuka, anatoka uwanjani, na wengine wote wanamfuata. Hakuna anayemchunga. Amejifunza mwenyewe. Mzee mmoja akasema Nado ndiye mlinzi wa kweli wa uwanja, Saning'o alikuwa akipokea tu mshahara wake, na wote wakacheka, hata Saning'o.

"Na siku ile," akasema Kepteni taratibu, "nilipokuja, Nado alikuwa wapi?"

Saning'o alijibu kabla hajafikiri, kama mchungaji yeyote anavyojibu.

"Amelala. Katikati ya uwanja, anacheua."

Halafu akaikamata fimbo yake. Wazee wakatazama chini. Hata mimi, ambaye sikuwahi kunyamaza darasani, nilinyamaza. Maana ya alichokisema haikuhitaji mkalimani.

Kepteni akavua kofia. Akamwambia Saning'o, kwa Kimasai chake kibovu kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwamba hakuzunguka, kwamba kosa ni lake, na kwamba atalisema ofisini kwa mdomo wake. Saning'o alisimama, akainamisha kichwa mbele ya Kepteni kama watoto wa pale wanavyowainamia wakubwa wao, na Kepteni akamgusa kwa kiganja. Kisha wawili wale wakatembea uwanja wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, na ilibidi wamzunguke Nado, kwa sababu alikuwa amelala.

PIYAYA HADI ARUSHA

Nitaruka mchanga, tairi la pili, na ugomvi wangu na Mama Nashipai juu ya dirisha. Tulimwacha Nainokanoka. Alimpa Kepteni kibuyu kidogo cha maziwa na ukurasa wa daftari wenye maneno yote ya mazoezi. "Ulikosa moja tu safari nzima," akamwambia. "Na hilo Boay alilitamka vibaya."

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonisumbua njia yote. Mtu anakumbuka shangazi na msumari kwa siku nne, anakumbuka vifaru ndani ya ukungu, halafu anasahau jambo alilolifanya maisha yake yote. Nikamuuliza.

"Ndiyo maana nikalisahau," akasema. "Msumari wako niliushika kwa mikono miwili. Kuzunguka nilikuwa nimeiachia mikono ifanye yenyewe."

Arusha tulifika na vumbi hadi kwenye kope. Daktari wa marubani alikuwa dada mdogo tu, umri wa Agnes, binti wa Kepteni, mpole, anamwita "Kepteni wangu". Nilikaa kwenye benchi la nje, mlango haukufungwa vizuri, na mnajua tabia yangu.

Macho alifaulu, ingawa walikuwa wamebadilisha ubao, na nilimsikia akilalamika kwamba huo si uungwana. Moyo sawa. Sukari juu kidogo, akasemwa kuhusu chai. Akaambiwa achore saa inayoonyesha saa nane na dakika kumi. Akauliza anataka saa ya hapa au ya marubani, ambayo iko nyuma kwa saa tatu. Daktari akasema yoyote. Akachora zote mbili. Maneno matano akayarudisha yote, tena akaongeza ya kwangu ya siku ya kwanza bila kuombwa.

"Kepteni wangu," nikasikia daktari akicheka, "kumbukumbu yako inanishinda mimi. Kuna jambo lingine lolote unataka kuniambia kabla sijasaini?"

Nikachungulia. Kalamu ilikuwa mkononi mwa daktari, naiona hadi leo. Angesema hapana, tungekuwa tunakunywa soda kabla ya adhuhuri.

"Lipo," akasema Kepteni. "Kuna ng'ombe mmoja Piyaya, anaitwa Nado."

Akamweleza yote. Daktari aliweka kalamu chini, akasikiliza hadi mwisho. Alimwambia vipo vipimo vingine, huenda ni usingizi, huenda ni sukari, huenda ni jambo linalotibika, asikate tamaa.

"Nitavifanya vyote, binti yangu," akasema. "Ila nitavifanyia ardhini. Hicho cheti usinisainie."

Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi. Pale pale kwenye benchi akapiga simu ofisini kwake. Alisema jina la Saning'o mara tatu, akitaja kila herufi, ili waliandike vizuri. Kisha akanigeukia.

"Boay, nina njaa."

Tulikula ndizi nyama, akanywa chai bila sukari, na akaisema vibaya hiyo chai hadi mpishi akatoka jikoni kumtazama.

ARUSHA HADI KANSAY

Kabla ya kuondoka nilingojea karatasi isomwe. Aliitoa mfukoni, akaitazama, akanipa mimi.

"Soma wewe. Mimi nitajibu."

"Mafuta?" nikasoma.

"Yapo."

"Breki?"

"Zipo kiasi."

"Kiasi si jibu, Kepteni."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Piyaya. Nilipofika kwenye jeki, alishuka, akafungua nyuma, akaishika kwa mkono wake, akarudi akakaa. "Ipo," akasema.

Njia nzima alitazama nje. Mahali fulani ndege ndogo ilipita juu yetu ikielekea mbugani. Akainama kwenye kioo kuifuata kwa macho, akataja aina yake, akasema rubani wake anavuta mno kushoto. Aliifuata hadi ikawa nukta.

Tulifika Kansay jua likiwa bado lipo. Lango la kwake lilikuwa wazi. Mama Agnes alikuwa uani anapepeta mahindi, mbuzi wamelala njiani, kuku wametapakaa kila mahali. Nikataka kuingia.

"Boay," akasema. "Zunguka kwanza."

Nikamtazama. Alikuwa ameketi wima, kofia kichwani, anaangalia mbele. Basi nikalipita lango bila kuingia, nikaizunguka nyumba kupitia nyuma ya migomba, polepole, Mama Agnes ameshika ungo, ametukodolea macho. Tukatokea tena langoni. Mbuzi walikuwa pale pale. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

"Hawajazoea," akasema Kepteni. "Zunguka tena."